Betri ya moyo ikipata maambukizi: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mgonjwa na ndugu zake

Naandika hii kwa yeyote mwenye mzazi, mwenza, ndugu au jirani aliyewekewa betri ya moyo, iwe ile pesimeka ya kusaidia mapigo au ile kubwa kidogo inayopiga shoti moyo ukianza kwenda mbio vibaya. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya moyo miaka mingi, na kitu kinachoniuma mpaka leo ni mtu kufika kwetu na tundu chini ya mtulinga, ukiangalia unaona chuma chenyewe kinang'aa, afu ukimuuliza ilianza lini anakwambia ilianza kama kapele mwezi wa nne, na hapo tupo mwezi wa nane. Na miezi yote hiyo hakukaa tu, amehangaika, kameza vidonge vya kila rangi, kapaka asali, kakandwa maji ya moto, kasafishwa kidonda zahanati siku moja moja, hela imeisha na kifaa bado kipo ndani.

Shangazi yangu mwenyewe yalimkuta hayo hayo. Betri ilikuwa mwaka wa tatu, anaendelea vizuri tu, mpaka siku nimeenda kumsalimia nikaona kanga kaifunga juu sana tofauti na kawaida yake, nikamuuliza shangazi mbona hivyo, akasema ni mkanda wa sidiria unamkwaruza. Nilipoifungua nikaona ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, rangi imegeuka zambarau, na kona ya betri imesukuma kutokea ndani kama kiwiko cha mtoto. Hana homa, hakuna usaha, maumivu anasema kidogo tu. Alikuwa ameshapita zahanati moja wakampa kapsuli za siku saba, zikaisha, akaenda tena wakampa nyingine. Wiki tatu zilipita hivyo. Na mwisho wake ilibidi kila kitu kitoke, betri na waya zote mbili.

Kwa hiyo kabla hujasoma hatua zenyewe shika hili moja: betri ya moyo ikishaingiwa na maambukizi haiponi ikiwa ndani. Inatolewa, yote, na waya zake, na ukiwahi ndo salama yako. Mengine yote humu yanazunguka hapo.

KWANZA UELEWE KWA NINI DAWA PEKE YAKE HAZITOSHI

Betri inakaa kwenye kamfuko kanakotengenezwa chini ya ngozi ya kifua, kutoka hapo waya zinaingia kwenye mshipa mkubwa wa damu na kuteremka mpaka ndani ya moyo. Sasa wale bakteria wanaoshambulia hapa wengi ni wale wale wanaoishi kwenye ngozi zetu kila siku, jamii ya stafilokoka, hata mtu aoge vipi wapo. Wakishafika kwenye chuma wanajijengea utando, mfano wa ule utelezi unaoushika ukipitisha mkono ndani ya pipa la maji lililokaa muda mrefu bila kusuguliwa. Antibayotiki inasafiri na damu, na chuma hakina mishipa ya damu, kwa hiyo dawa inawaua wanaoelea pembeni, wekundu unapungua, mgonjwa anafurahi, ila waliojificha kwenye utando wanabaki. Dawa zikiisha wanarudi. Na wanaweza kupanda na ile waya kama kamba mpaka kwenye valvu za moyo, yaani vile vilango vya ndani.

Ndo maana mtu anakwambia "nilipona kabisa, ikarudi, nikapona, ikarudi". Hukupona ndugu yangu, ulitulizwa.

Ni tatizo la wangapi? Wengi wanaowekewa hawapati kabisa, ukichukua wagonjwa mia wanaopata ni kama mmoja au wawili, na wanaobadilishiwa betri wana hatari kubwa kuliko wanaowekewa mara ya kwanza. Lakini hesabu inakua. Marekani walipopiga hesabu ya mwaka 1993 mpaka 2008, watu milioni 4.2 waliwekewa vifaa hivi, idadi ya wanaowekewa kwa mwaka ilipanda kwa asilimia 96 na maambukizi yakapanda kwa asilimia 210, yaani yalikimbia kuliko vifaa vyenyewe. Sababu ni kwamba wanaowekewa siku hizi ni wazee zaidi na wana magonjwa mengine juu yake, kisukari, figo, moyo uliochoka. Kwetu nako vifaa vinaongezeka, taasisi ya moyo ya JKCI pale Muhimbili na hospitali kubwa za Nairobi zinaweka, kwa hiyo haya mambo yanatuhusu.

HATUA YA 1: KABLA YA KUWEKWA, SEMA UKWELI WOTE

Hapa ndo pa kutumia nguvu, kwa sababu vingi vinavyoleta maambukizi vinaamuliwa kabla ngozi haijachanwa.

Kama una homa, hata ndogo, hata ya mafua, sema. Usifiche kwa kuogopa kuahirishwa eti umeshasafiri kutoka mbali na nauli imeisha. Homa ndani ya masaa 24 kabla ya kuwekwa ni moja ya vitu vinavyoongeza hatari kweli kweli, na kama hali yako inaruhusu kusubiri, daktari atasubiri. Kama una jipu, kidonda mguuni, jino limeoza limevimba, onyesha. Kama una kisukari sukari ishuke kwanza. Kama unasafishwa damu kwa mashine, waambie timu ya moyo, maana kuna betri ndogo zisizo na waya zinazowekwa ndani ya moyo moja kwa moja na kwa watu wengine ndo zinawafaa zaidi, zikipatikana.

Dawa za kuzuia damu kuganda, hizi watu wanazikosea sana. Kuna anayeziacha mwenyewe, kuna anayeendelea kimya kimya. Zitaje zote, na aspirini pia, hata ile unayomeza "kidogo tu". Damu ikivuja na kujaa kwenye ule mfuko baada ya upasuaji inakuwa chakula cha bakteria, na utafiti mmoja mkubwa ulioongozwa na Wakanada ulionyesha mtu aliyevimba damu hivyo kwa kiasi kikubwa, hatari yake ya kupata maambukizi makali inapanda zaidi ya mara saba. Na zamani tulizoea kumsimamisha mgonjwa warfarini na kumchoma heparini badala yake, mwaka 2013 wale wale wakaonyesha waliochomwa heparini asilimia 16 walivimba damu, walioendelea na warfarini yao ni asilimia 3.5 tu. Kwa hiyo muulize dokta, "hizi dawa zangu tunafanyaje?", na ufuate atakachosema yeye, sio aliyoambiwa jirani.

Mambo mengine ya kuuliza bila aibu: nitachomwa antibiotiki ya mshipani kabla ya kuchanwa? Inatakiwa iwe imeingia kabla, kwa kawaida ndani ya saa moja kwa dawa inayotumika zaidi, na hii dozi moja ina faida iliyothibitika kuliko rundo la vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Wakanada hao hao walijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 19,000 kuongeza dawa nyingine juu ya ile dozi ya kawaida na kuendelea nazo baada ya upasuaji, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kusema inasaidia. Kwa hiyo ukiruhusiwa bila begi la antibayotiki usidhani umedharauliwa. Na nywele za kifuani usinyoe kwa wembe nyumbani usiku wa kuamkia, wembe unaacha mikwaruzo ambayo huioni na bakteria wanaiona, waache hospitali wapunguze kwa mashine yao.

Kwa wenye hatari kubwa kuna kitu kingine, kimfuko cha wavu chenye antibayotiki mbili ndani yake kinachofunikwa kwenye betri na baadaye kinayeyuka chenyewe. Kilijaribiwa kwa watu 6,983, matokeo yakatoka 2019, maambukizi makubwa ndani ya mwaka mmoja yakashuka kutoka asilimia 1.2 mpaka 0.7. Ni ghali na sio kila mahali kipo, ila kama mgonjwa wako anabadilishiwa betri kwa mara ya pili ya tatu na ana figo mbovu, uliza.

Na kama ni kubadilisha betri, uliza pia kama muda wake umefika kweli. Kila ule mfuko unapofunguliwa ni mlango mpya wa bakteria. Yule mgonjwa wa kwanza duniani kuwekewa betri mwilini, Msweden Arne Larsson, mwaka 1958, ya kwanza ilikufa ndani ya masaa na akaja kubadilishiwa zaidi ya mara ishirini mpaka anafariki 2001. Betri za sasa zinakaa miaka mingi, nyingi zinavuka saba au nane, hii ni neema, msiifupishe bila sababu.

HATUA YA 2: WIKI ZA MWANZO NYUMBANI

Kidonda kikae kikavu mpaka siku uliyoambiwa, mara nyingi ni kama wiki moja hadi siku kumi. Oga chini, juu jifute kwa kitambaa. Usipake kitu. Narudia kwa herufi kubwa: USIPAKE KITU, sio asali, sio mafuta ya nazi, sio majivu, sio dawa ya mswaki, sio unga wa kapsuli uliofunguliwa, sio maji ya upako. Najua vinapakwa kwa upendo na bibi hataki kukuona unateseka, ila mwambie kwa heshima, "bibi hiki kidonda kina chuma chini yake, hakifanani na vile vingine".

Mkono wa upande ule usiunyanyue juu ya bega kwa wiki nne mpaka sita, hakuna kubeba ndoo, kutwanga, kufua mablanketi, kuning'inia kwenye bomba la daladala. Lakini usiufunge kabisa kwenye kanga ukakaa nao hivyo mwezi mzima, bega litakakamaa, tumia kiwiko na vidole kama kawaida.

Kina mama, mkanda wa sidiria na fundo la kanga visikae juu ya betri, hamia upande wa pili au vaa gauni pana. Mkanda wa gari nao, weka kitaulo kidogo katikati, usiuache kuuvaa.

Uvimbe kidogo na wekundu mdogo siku za mwanzo unaweza kuwa ni kidonda kinapona. Uvimbe unaokua badala ya kupungua, unaokaza ngozi mpaka inang'aa, unaochuruzika, huo unarudi nao hospitali siku hiyo hiyo. Kuna hali ambapo ni nyuzi tu za juu zimepata shida na ngozi peke yake ndo imeguswa, daktari akithibitisha hivyo anaweza kukupa vidonge na kukuangalia kwa karibu, ila anayeamua kwamba ni juu tu ni aliyekuwekea au mwenye kazi hiyo, duka la dawa haliwezi kuliamua.

HATUA YA 3: KIANGALIE KIFUA CHAKO KILA WIKI, MIAKA YOTE

Watu wanadhani ukivuka mwezi wa kwanza umemaliza. Maambukizi yanaweza kuja baada ya mwaka, baada ya mitano. Chagua siku, mi nawaambia Jumapili baada ya kuoga, simama mbele ya kioo au mwambie mtu akuangalie, piga picha kwa simu sehemu ile ile mwanga ule ule. Picha ndo itakuonyesha mabadiliko ambayo macho yameshayazoea.

Unatafuta wekundu, joto, uvimbe, maumivu mapya, majimaji au usaha, kapele kanakopona na kurudi pale pale, betri iliyohama kutoka ilipokuwa, ngozi iliyogandamana na chuma kiasi kwamba huwezi kuisogeza kwa kidole, ngozi iliyokonda au kugeuka rangi ya bluu, zambarau au nyeusi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi kama vitabu vinavyosema, tafuta sehemu iliyoiva kuliko pembeni yake, inayong'aa, yenye joto ukiweka mgongo wa mkono.

Na kama chuma au waya imeshaonekana nje hata kidogo sana, hata kama hakuna usaha, hata kama unajisikia mzima wa kufunga safari, hapo hakuna mjadala tena, kifaa chote kinahesabika kimeambukizwa.

HATUA YA 4: HOMA KWA MWENYE BETRI USIIKIMBILIE NA DAWA ZA MALARIA TU

Hii ndo sehemu inayonikera kuliko zote kwa sababu inaua kimya kimya. Kuna wagonjwa kifua chao kisafi kabisa, kovu zuri, ila maambukizi yapo kwenye waya ndani ya damu. Wanakuja na homa za usiku, baridi inayotetemesha, jasho la kulowesha shuka, uchovu, wanakonda, wengine kikohozi na maumivu ya mbavu kwa sababu vipande vya ule uchafu vinatoka kwenye waya na kuruka mpaka mapafuni. Sasa hapa kwetu mtu wa hivyo anatibiwa nini? Malaria. Haikuisha, taifodi. Haikuisha, U.T.I. Haikuisha, anaambiwa apime TB. Kila kituo kinampa antibayotiki yake, homa inashuka siku nne inarudi, na kila dozi inafuta ushahidi kidogo, kiasi kwamba akifika mahali pa kuotesha damu, yaani maabara wanaiweka waone bakteria gani wanaota, bakteria hawaoti, huku wapo.

Pima malaria ndiyo, inaweza kuwa malaria kweli, tupo ukanda wake. Ila sentensi ya kwanza ukikaa mbele ya daktari yeyote iwe "mimi nina betri ya moyo", na ya pili iwe "naomba nitolewe damu ya kuotesha kabla sijapewa antibayotiki". Kama kituo hakina huo uwezo omba rufaa. Mgonjwa aliyezidiwa sana, presha imeshuka, anaongea ovyo, huyo dawa haimsubiri, damu inatolewa na dawa inaanza pale pale.

HATUA YA 5: UKISHAONA DALILI

Usiminye. Usitumbue. Usikubali mtu yeyote achome sindano kwenye uvimbe "kunyonya aone kama ni usaha", hata awe amevaa koti jeupe. Hilo jambo limekatazwa kwenye miongozo ya kitaalamu, kwa sababu sindano inaweza kuwaingiza bakteria kwenye mfuko uliokuwa msafi, uvimbe uliokuwa wa damu tu unageuka maambukizi.

Funika na gozi safi kavu. Piga picha. Chukua ile kadi ya kifaa uliyopewa siku ya kuwekewa, yenye aina ya betri, tarehe na idadi ya waya, kama iliungua au kupotea basi karatasi yoyote ya kuruhusiwa. Andika dawa zote ulizokunywa na tarehe zake, leta hata maboksi matupu. Na uende kule ulikowekewa au kwenye kitengo cha moyo, piga simu njiani, usianzie kwenye duka la dawa.

HATUA YA 6: VIPIMO, NA CHA KUULIZA

Utatolewa damu ya kuotesha, angalau mara mbili kutoka sehemu tofauti. Utapigwa picha ya kifua na eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, na mara nyingi ile eko ya kumeza, mpira unapita kooni ili waone waya kwa karibu kutokea nyuma ya moyo. Haifurahishi, koo linauma siku moja, ila inaona vitu ambavyo ile ya juu ya kifua haioni. Na eko ikitoka safi haimaanishi umepona, kama damu imeotesha stafilokoka ya ile aina kali, aureus, na una betri, madaktari wengi watashauri itoke hata kama mfuko unaonekana mzuri, maana mara nyingi kifaa kinakuwa kimeshaguswa.

Ndugu, muulizeni daktari maswali haya kwa sauti ya upole mkiwa na daftari: Maambukizi yameishia kwenye mfuko au yapo kwenye damu? Kifaa kinatolewa lini, na waya zote? Moyo wake unategemea betri kwa kila pigo au unaweza kujiendesha kwa muda? Hapa wanajua kuchomoa waya za umri huu, kama hapana tunapelekwa wapi?

Kama jibu ni "tutasafisha mfuko halafu tuirudishe" au "tutaihamishia pembeni kidogo", omba maoni ya daktari wa pili. Nimeona wagonjwa waliosafishwa mara tatu, kila mara kovu linaongezeka na ngozi inapungua. Na tatizo hili sio letu peke yetu. Marekani kwenye wagonjwa wa bima yao ya wazee, rekodi za 2006 mpaka 2019, waliopata maambukizi na kutolewa kifaa ndani ya siku 30 walikuwa chini ya mmoja kati ya watano, wakati mwongozo unasema wazi kitolewe, na waliotolewa ndani ya siku sita za mwanzo walikufa wachache kuliko walioachwa. Kwenye nchi yenye kila mashine. Kwa hiyo msione aibu kuulizia.

HATUA YA 7: KUTOLEWA KWENYEWE

Waya mpya, chini ya mwaka, mara nyingi inavutika polepole inatoka. Waya ya miaka mingi imeshashikwa na makovu kwenye ukuta wa mshipa na moyo, inahitaji vifaa maalumu, kuna vya kuzunguka vinavyokata lile kovu na kuna vya miale ya leza, na inahitaji daktari mpasuaji wa moyo awe karibu tayari, kwa sababu mshipa mkubwa ukichanika dakika zinahesabika. Ndo maana vituo vinavyofanya hivi ni vichache, na rufaa inaweza kuwa ya mbali.

Watu wakisikia hivyo wanaogopa, wanasema bora nibaki nayo. Naelewa hofu. Ulaya walifuatilia wagonjwa 3,555 kwenye vituo 73, waliopata madhara makubwa yanayotokana na kuchomolewa walikuwa asilimia 1.7 na waliokufa kwa sababu yake asilimia 0.5. Weka hiyo kwenye mzani na maambukizi yanayotambaa kuelekea kwenye valvu.

Shangazi waya zake zilikuwa za miaka mitatu, zilichukua zaidi ya masaa mawili. Moyo wake ulikuwa unategemea betri, kwa hiyo walimwekea waya ya muda kupitia shingoni upande wa kulia, na betri yenyewe ikakaa nje, imebandikwa juu ya ngozi kwa plasta pana kama kiberiti kilichofunikwa. Siku ya kwanza alikuwa hataki kugeuza kichwa. Nikamwambia shangazi, hiyo imebanwa vizuri, kaa, kula. Kufikia siku ya nne alikuwa anatembea korido nzima na kusalimia kila kitanda.

HATUA YA 8: JIANDAENI KUKAA, NA MPANGE HELA

Hapa ndo mzigo wa hospitali unapoonekana kwa macho. Mtu anayewekewa betri bila shida anaweza kulala usiku mmoja akaenda kwake. Aliyeambukizwa anashika kitanda wiki kadhaa, anaingia chumba cha upasuaji mara mbili au tatu, anahitaji eko, maabara, sindano za mshipani kila siku, na betri mpya juu. Kama ni mfuko tu, dawa ni kama siku 10 mpaka 14 baada ya kutolewa, yakiwa kwenye damu ni wiki mbili na kuendelea, yakishika valvu ni wiki nne mpaka sita. Kitanda hicho kimoja kingehudumia wagonjwa wengine wengi tu, na wapo wanasubiri na mapigo 30 kwa dakika. Mnapolinda kidonda cha mzee wenu nyumbani mnamsaidia na yule msiyemjua anayesubiri foleni.

Kwa hiyo mpange zamu ndugu, msimwachie binti mmoja. Siku ya kwanza tu mwone mtu wa bima mjue nini kinalipwa na nini hapana, hasa betri ya pili, na kama hamna uwezo nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema kabla bili haijawa mlima. Sindano zisikatishwe kwa sababu mgonjwa "anaonekana mzima".

Na mkiambiwa kuna betri iliyotumika, iliyotolewa kwa marehemu ikasafishwa na kuuawa vijidudu kwa utaratibu rasmi, msishtuke. Wakanada walifuatilia wagonjwa 1,051 wa Mexico, Jamhuri ya Dominika, Guatemala na Honduras waliowekewa za hivyo, wakawalinganisha na waliowekewa mpya, ndani ya miaka miwili maambukizi yalikuwa asilimia 2.0 kwa 1.2, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Cha kuuliza ni nani ameisafisha na kwa utaratibu gani, na ile yako iliyoambukizwa hairudishwi kwa mtu yeyote.

HATUA YA 9: KUWEKEWA UPYA, AU KUTOWEKEWA

Kabla hamjakimbilia mpya, uliza kama bado inahitajika. Kuna wagonjwa wengi kidogo ambao moyo umebadilika au sababu ya mwanzo haipo tena, na wanaenda nyumbani bila kifaa, wakifuatiliwa. Kama inahitajika, damu ioteshwe tena na iwe safi angalau siku tatu baada ya kutolewa, na mpya inawekwa upande mwingine wa kifua, sio kwenye kovu lile lile. Kama mshipa wa upande wa pili haufai kuna njia nyingine, daktari atawaeleza.

Baada ya hapo mnarudi Hatua ya 2 kama vile ndo mara ya kwanza. Ukipata homa yoyote ndani ya mwaka, damu ya kuotesha kwanza.

Swali ninaloulizwa sana kliniki ni la meno, mtu anataka kung'oa jino anauliza kama anywe antibayotiki kwanza kwa ajili ya betri. Kwa betri peke yake hapana, hazihitajiki. Kama una valvu ya bandia au uliwahi kupata maambukizi kwenye valvu za moyo hilo ni jambo lingine, mwambie daktari wa meno kabla hajashika koleo. Kinywa kipigwe mswaki kila siku, na jino bovu litolewe sasa, usisubiri mpaka limevimba shavu.